Maji na Kioo: Historia ya Utando Ulioipa Faibaglasi Nguvu Zake

Katika miaka ya 1940 wahandisi wa Marekani waliokuwa wakipima nyenzo mpya ya nyuzi za kioo na plastiki walikuwa na jaribio moja lisilo na huruma. Walikata kipande cha bapa, wakakichemsha kwenye maji, mara nyingi kwa saa 2, kisha wakakipinda hadi kivunjike. Kipande ambacho hakikuguswa na maji kilistahimili mzigo mkubwa ajabu kwa uzito wake. Kilichotoka kwenye maji ya moto kiliweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu hizo. Bapa lililokuwa likipitisha mwanga liligeuka jeupe, na mistari ya kitambaa cha kioo ikajitokeza ndani yake. Kioo hakikuwa kimeharibika kiasi hicho, wala plastiki. Kilichovunjika ni mahali vilipokutana.

Leo faibaglasi iko kwenye mashua, matangi, mabomba, bodi za magari na mapanga ya mitambo ya upepo, na wengi huamini kwamba nguvu zake zinatoka kwenye kioo. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni utando mwembamba mno unaopakwa juu ya uzi kiwandani, ambao jicho haliuoni. Bila utando huo, kazi nyingi tulizoipa nyenzo hii isingeziweza.

Kioo chageuka uzi: 1893–1938

Mwaka 1893, katika Maonyesho ya Dunia ya Chicago, mfanyabiashara wa vioo Edward Libbey alionyesha gauni lililofumwa kwa nyuzi za kioo na hariri. Watu walistaajabu, lakini hakuna kiwanda kilichozaliwa kutokana na gauni lile. Nyuzi zilikuwa nene na ngumu, na hakuna aliyejua namna ya kuzitengeneza kwa wingi na kwa bei nafuu.

Sababu ya kuzitaka nyuzi hizo ilipatikana Uingereza. Alan Arnold Griffith, mhandisi wa utafiti wa ndege huko Farnborough, alivuta kioo kiwe fimbo na nyuzi za unene mbalimbali, akazipima moja moja. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1921, yalishangaza. Fimbo yenye kipenyo cha takriban milimita 1 ilikatika kwa mkazo wa megapaskali 170 hivi. Uzi wa takriban mikromita 3 ulifikia megapaskali 3,400, yaani mara 20. Griffith alieleza kwamba kioo hudhoofishwa na nyufa ndogo sana, hasa zile za usoni. Uzi ukiwa mwembamba, hauna nafasi ya kubeba ufa mkubwa. Kwa hiyo tangu siku za mwanzo suala la kioo lilikuwa suala la uso wake, ingawa miongo miwili ingepita kabla ya wenye viwanda kulielewa hivyo.

Mwaka 1932, katika kampuni ya Owens-Illinois, mtafiti kijana Dale Kleist alikuwa akijaribu kuunganisha matofali ya kioo. Mkondo wa hewa ulikipiga kioo kilichoyeyuka kikatawanyika kuwa nyuzi nyembamba. Mkuu wake, Games Slayter, aliona pale pale kwamba hiyo ndiyo njia waliyokuwa wakiitafuta. Mwaka 1938 Owens-Illinois na Corning Glass Works ziliunda kampuni ya pamoja, Owens-Corning Fiberglas, na nyuzi za kioo zikawa bidhaa ya kawaida: pamba ya kuzuia joto, na uzi mrefu wa kufuma vitambaa vya kuhami umeme.

Uzi wa kufuma ulikuwa na tatizo lake. Nyuzi za kioo zikisuguana hujikwaruza, na kila mkwaruzo ni ufa wa aina ile ya Griffith. Viwanda vikaupaka uzi mchanganyiko wa wanga na mafuta ili upite salama kwenye mashine. Wakati huo hakuna aliyefikiri kwamba uzi huo ungezamishwa ndani ya plastiki, na kwamba wanga na mafuta vingekuwa kizuizi kati ya vitu viwili vinavyotakiwa kushikana.

Vita, rezini na maji: 1938–1947

Kwenye nyumba ya fito na udongo, fito hubeba mzigo nao udongo huzishika fito pamoja na kugawa mzigo huo kati yake. Plastiki ya nyuzi za kioo hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo: nyuzi hubeba, rezini, yaani plastiki inayoganda, hushika na kugawa. Rezini iliyofaa ilitokana na kazi ya mkemia Carleton Ellis, aliyegundua katika miaka ya 1930 kwamba poliesta ikichanganywa na kimiminika kama stairini huganda haraka na kuwa ngumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 rezini za namna hiyo zilianza kuuzwa, na zilikuwa na sifa iliyowavutia waundaji wa ndege: ziliweza kuganda bila mashinikizo makubwa. Kitambaa, brashi na umbo la kufinyangia vilitosha.

Vita vya Pili vya Dunia vikaharakisha kila kitu. Jeshi lilihitaji vifuniko vya rada visivyozuia mawimbi, jambo ambalo chuma na alumini haviliwezi. Huko Wright Field, Ohio, wahandisi walitengeneza sehemu ya nyuma ya kiwiliwili cha ndege ya mafunzo ya Vultee BT-15 kwa kitambaa cha kioo, poliesta na mbao nyepesi za balsa katikati. Iliruka mwaka 1944. Karatasi za hesabu zilionyesha kwamba nyenzo hii ingeshindana na chuma kwa uzito. Kisha wakaichemsha.

Ukitaka kuelewa kwa nini maji yalileta madhara makubwa vile, hesabu eneo. Chukua kilo 1 ya uzi wa kioo wenye kipenyo cha mikromita 10. Ukiunyoosha wote ungefika takriban kilomita 5,000, na uso wake kwa jumla ni mita za mraba zipatazo 157. Kwa hiyo kila kilo ya kioo ndani ya mashua au bomba ina mpaka wenye ukubwa wa sakafu ya nyumba nzima. Mpaka huo ukifunguka, hata kidogo kidogo, rezini haiwezi tena kupeleka mzigo kwenye nyuzi.

Na mpaka huo ulikuwa na sababu nzuri ya kufunguka. Kioo hupenda maji. Uzi ukitoka tu kwenye tanuri, mvuke uliomo hewani hushika uso wake, nao uso hujaa vikundi vya hidroksili, yaani oksijeni na hidrojeni. Poliesta kwa upande wake hufanana na mafuta. Rezini ikiganda husinyaa na kuukumbatia uzi, na kukumbatia huko kunatosha maadamu hali ni kavu. Maji yakipenya, hupitia kwenye mpaka na kuisukuma rezini pembeni, kwa sababu kioo huyapenda maji kuliko kinavyoipenda rezini.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuchoma kitambaa kwenye tanuri ili wanga na mafuta viondoke. Ilisaidia rezini kulowesha nyuzi, lakini joto liliudhoofisha uzi, na kioo kikabaki uchi mbele ya maji. Hatua ya pili ilikuwa nzuri zaidi. Kampuni ya DuPont ilileta mpako wa Volan, mchanganyiko wenye kromiamu na asidi ya methakrili. Upande wa kromiamu ulishika kioo, na upande wa methakrili uliingia kwenye rezini wakati wa kuganda. Nguvu baada ya kuchemshwa zilipanda. Mpako huo ulikiachia kitambaa rangi ya kijani hafifu, ambayo watengenezaji wa mbao za kuteleza mawimbini wanaifahamu hadi leo.

Ripoti ya siri na molekuli yenye ncha mbili: 1947–1962

Mwaka 1947 Ralph Witt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliandika ripoti ya siri kwa ajili ya jeshi la majini la Marekani. Walikuwa wamepaka nyuzi kwa aina mbalimbali za saileni, familia ya kemikali zenye atomu ya silikoni katikati. Zote zilitarajiwa kushika kioo. Tofauti ilikuwa upande wa pili wa molekuli. Saileni yenye kundi la ethili, ambalo halina la kufanya na poliesta, ilitoa plastiki ya kawaida. Ile yenye kundi la alili, ambalo lina kifungo maradufu kinachoweza kushiriki katika kuganda kwa rezini, ilitoa plastiki yenye nguvu karibu maradufu.

Kwa maoni yangu hapa ndipo historia hii ilipopinda kona. Kabla ya hapo mtu aliweza kudhani kwamba mpako mzuri ni ule unaofukuza maji, au unaokifanya kioo kilowe vizuri. Jaribio la Johns Hopkins lilionyesha kwamba kufukuza maji hakutoshi. Lazima molekuli ile ile ishike kioo kwa ncha moja na rezini kwa ncha nyingine, kwa vifungo halisi vya kikemia.

Kazi ikasonga haraka. Mwaka 1952 watafiti Johan Bjorksten na Luther Yaeger walichapisha katika jarida la Modern Plastics matokeo ya mpako wa saileni ya vinili. Mwaka uliofuata General Motors ilitoa Chevrolet Corvette yenye bodi ya faibaglasi, magari 300 kwa mwaka huo wa kwanza, na umma ukaiona nyenzo hii barabarani.

Aliyeifanya saileni kuwa elimu kamili ni Edwin Plueddemann wa kampuni ya Dow Corning huko Midland, Michigan. Kampuni yenyewe ilizaliwa mwaka 1943 kwa ushirikiano wa Dow na Corning, na mizizi yake iko humu humu kwenye nyuzi: James Franklin Hyde wa Corning alikuwa ametafuta katika miaka ya 1930 kitu cha kuunganisha utepe wa kioo wa kuhami mota za umeme, akakipata kwenye kemia ya silikoni. Plueddemann na wenzake walipima zaidi ya kampaundi 100, wakachapisha orodha yao mwaka 1962. Sheria iliyotoka humo ni rahisi kuikumbuka: ncha ya pili lazima ilingane na rezini. Methakrili kwa poliesta, epoksi au amino kwa rezini ya epoksi, amino kwa nailoni. Saileni ya methakrili na ile ya epoksi za wakati ule bado zinauzwa leo.

Kinachotokea kwenye uso wa uzi

Ingia kiwandani. Kioo chenye joto la takriban nyuzijoto 1,200 za Selsiasi hushuka kupitia bamba la platini na rodiamu lenye mamia au maelfu ya matundu. Kila tundu hutoa tone, na mashine ya chini hulivuta kwa kasi ya makumi ya mita kwa sekunde hadi liwe uzi wa mikromita 10 au 20. Kabla nyuzi hazijakusanywa, zinapita juu ya rola lililolowa mpako. Mgusano huo ni wa sehemu ndogo sana ya sekunde.

Mpako wenyewe karibu wote ni maji, ambayo baadaye hukaushwa. Kinachobaki ni gundi laini ya kufunga nyuzi pamoja na kuzikinga na misuguano, kilainishi, na saileni kidogo sana. Vyote kwa pamoja ni kama asilimia 1 ya uzito wa kioo, au pungufu. Viwanda huficha fomula hizi kuliko siri nyingine yoyote viliyo nayo.

Ndani ya maji hayo, vikundi vitatu vilivyofungwa kwenye silikoni ya saileni hung'oka na kuacha hidroksili. Uso wa kioo nao umejaa hidroksili. Zikikaribiana huvutana, na uzi ukikaushwa, maji hutoka na kati yao hubaki daraja la silikoni, oksijeni na silikoni, kifungo kile kile kinachoujenga mwili wa kioo. Baadaye fundi anapomimina poliesta yenye stairini, ncha ya methakrili inaungana na mnyororo wa rezini inayoganda.

Tofauti huonekana wazi kwenye hadubini ya elektroni. Katika plastiki iliyovunjika ambayo nyuzi zake hazikupakwa, nyuzi hutokeza safi na laini, kila moja imechomoka kwenye shimo lake. Palipokuwa na saileni iliyolingana, vipande vya rezini hubaki vimeng'ang'ania uzi. Ufa umelazimika kupita ndani ya rezini kwa sababu mpaka ulikataa kuachia.

Mwanzoni ilidhaniwa kwamba saileni hujipanga kama tabaka moja la molekuli. Katika miaka ya 1970 Hatsuo Ishida na Jack Koenig wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Cleveland, waliuchunguza utando huo kwa mwanga wa infraredi na kukuta tabaka nyingi: zilizoshika kioo kwa nguvu, zilizofungamana zenyewe kwa zenyewe, na za juu ambazo maji yanaweza kuziosha. Rezini huingia ndani ya utando huo na kusukana nao. Plueddemann alikuwa amependekeza kwamba hata daraja la silikoni na oksijeni linaweza kukatwa na maji, ila likiwa limebanwa mahali pake hujiunga tena. Ikiwa ni hivyo, utando huu huyaruhusu maji kuingia na bado hauachii.

Mshikamano ukizidi: 1964–1987

Baada ya ushindi wa saileni, swali likageuka. Je, kushikana zaidi ni bora daima?

Watafiti John Cook na James Gordon walijibu mwaka 1964 kwamba sivyo. Ufa unaosafiri ndani ya nyenzo hutanguliwa na mkazo unaovuta pembeni. Kama mpaka ulio mbele yake ni dhaifu kiasi, hesabu yao ikitaja karibu moja ya tano ya nguvu za nyenzo yenyewe, mpaka hufunguka kabla ufa haujafika. Ufa ukifika hapo hugeuka au huzuiwa. Nyuzi zikishikwa kwa nguvu kupita kiasi, ufa huzikata moja baada ya nyingine na nyenzo huvunjika ghafla kama kioo cha dirisha. Ndiyo sababu bapa za kuzuia risasi hutengenezwa kwa makusudi ziwe na mshikamano wa wastani: tabaka zinapoachana na nyuzi zinapochomoka, nguvu za risasi huliwa humo.

Mwaka 1965 watafiti wengine, Anthony Kelly na William Tyson, walitoa upande mwingine wa hesabu. Uzi mfupi hauwezi kubebeshwa mzigo wake wote ikiwa ni mfupi kuliko urefu fulani, na urefu huo unategemea mshikamano. Chukua uzi wa mikromita 14 wenye nguvu ya megapaskali 2,000. Mpaka ukiwa na nguvu ya megapaskali 10, uzi unahitaji milimita 1.4. Mpaka ukifika 35, milimita 0.4 zinatosha. Katika plastiki za kusukumwa kwenye umbo kwa mashine, nyuzi nyingi hukatika na kubaki chini ya milimita 1. Huko utando ndio unaoamua kama kioo kilichonunuliwa kitafanya kazi au kitakuwa kijazio tu.

Hapo ndipo nailoni ilipofaidika, maana saileni ya amino inashikana nayo vizuri. Polipropilini ilikuwa ngumu zaidi: ni plastiki ya bei nafuu lakini haina kundi lolote la kemikali la kushikwa. Wakemia walilazimika kuibadilisha plastiki yenyewe, wakiipandikizia anhidridi ya malei kidogo ili amino iliyo kwenye uzi ipate pa kushika. Kufikia mwaka 1987 watafiti Miller, Muri na Rebenfeld walikuwa wameeleza namna ya kupima mshikamano kwa tone dogo la rezini lililogandishwa juu ya uzi mmoja, kisha uzi kuvutwa.

Baharini na juu ya upepo

Bahari haikusubiri maabara. Mwaka 1973 jeshi la majini la Uingereza lilipokea HMS Wilton, meli ya kusaka mabomu yenye kiwiliwili cha faibaglasi. Boti za starehe zilikuwa zimekwisha kuwa maelfu, na nyingi zilianza kuota malengelenge chini ya maji. Maji yalipenya rangi ya juu, yakayeyusha mabaki ya kemikali kwenye mianya, yakavuta maji mengine na kusukuma uso nje. Uchunguzi ulinyooshea kidole, pamoja na mambo mengine, gundi iliyofunga mkeka wa nyuzi: aina zilizoyeyuka kwenye maji zilikuwa mbaya kuliko za unga. Saileni ilikuwa ipo, lakini sehemu nyingine ya mpako ilifungulia maji mlango.

Mapanga ya mitambo ya upepo ndiyo kipimo kikubwa cha leo. Yale marefu zaidi yamepita mita 100, na hupindwa na kunyooka mamilioni ya mara. Kaskazini mwa Kenya, huko Loiyangalani katika Kaunti ya Marsabit, mradi wa Lake Turkana Wind Power una mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Mapanga ya mitambo ya namna hii hutegemea nyuzi za kioo zilizopakwa kwa ajili ya rezini inayozishika.

Mapanga hayo yatazeeka, na hapo uso wa uzi unarudi kuwa tatizo. Rezini ya mapanga ikishaganda haiyeyuki tena. Ukiichoma kwa nyuzi joto 500 hivi, rezini inaondoka pamoja na utando, na uzi unaobaki umepoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Strathclyde huko Glasgow, wameonyesha kwamba kuuosha uzi huo kwa kemikali na kuupaka saileni upya kunarudisha sehemu ya nguvu zilizopotea. Gharama bado ni kikwazo.

Kwa fundi wa pwani yetu anayeunda au kukarabati boti ya faiba, elimu hii yote inashuka hadi maswali anayoweza kumuuliza muuzaji dukani. Uzi huu umepakwa kwa rezini gani, poliesta au epoksi? Mkeka umefungwa kwa unga au kwa gundi ya maji? Mkeka wa kawaida wa poliesta hutegemea stairini iliyeyushe gundi yake, na kwenye epoksi hakuna stairini, kwa hiyo nyuzi hazilowi sawasawa. Hifadhi mkeka mahali pakavu, usiufungue hadi siku ya kazi, na ukishalowa usiutumie kwenye sehemu ya boti inayokaa chini ya maji.